RICKY NELSON: Mtoto aliyekua mbele ya macho ya nchi nzima

Kila mtoto hukua mbele ya macho ya watu. Mama humwona, baba humwona, jirani humwona akipita njiani, na mwalimu humwona darasani. Akifanya upumbavu leo, kesho umekwisha sahauliwa. Sauti yake ikimkatika katika kuimba, wenziwe humcheka, kisha huenda pamoja naye kucheza mpira. Hiyo ni neema kubwa ya utoto: kuweza kukosea pasipo watu wengi kujua.

Leo twataka kuwasimulieni habari za mtoto mmoja wa Marekani ambaye hakuipata neema hiyo. Alipokuwa na miaka 8 sauti yake ilisikika katika redio ya nchi nzima. Alipokuwa na miaka 12 sura yake iliingia katika nyumba za watu kwa njia ya televisheni, juma kwa juma, wala haikutoka humo mpaka alipokuwa mume na baba. Alipokuwa na miaka 16 akaanza kuimba, na alipokuwa na miaka 18 wimbo wake ulikuwa juu ya nyimbo zote zilizouzwa nchini kwake. Kisha akatumia maisha yake yote yaliyobaki akitafuta jambo moja tu: watu wamsikilize yeye mwenyewe, wala si yule kijana waliyemzoea. Jina lake ni Ricky Nelson.

Jamaa ya wanamuziki

Jina lake kamili lilikuwa Eric Hilliard Nelson. Alizaliwa tarehe 8 Mei 1940 katika mji wa Teaneck, jimbo la New Jersey, si mbali na New York. Baba yake, Ozzie Nelson, alikuwa mtu wa bidii tangu ujana. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Rutgers, naye angaliweza kuwa wakili. Lakini alipenda muziki kuliko mahakama, akawa kiongozi wa bendi ya dansi. Mama yake, Harriet Hilliard, alikuwa mwimbaji wa bendi ile ile. Walioana mwaka 1935. Mwaka uliofuata wakampata mtoto wao wa kwanza, David, na mwaka 1940 wakampata Ricky.

Mwaka 1941 wazazi hao walialikwa Hollywood, katika California, kushiriki katika kipindi cha redio cha mchekeshaji Red Skelton. Mwaka 1944 Skelton aliitwa jeshini, maana vita kuu ilikuwa ingali ikiendelea, na kipindi chake kikasimama. Basi Ozzie akatunga kipindi chake mwenyewe. Hakutafuta visa vya wafalme wala vya majambazi. Alichukua mambo madogo ya kila siku ya nyumba yake: baba aliyesahau ahadi, mama mwenye subira, watoto wawili wenye maneno mengi. Kipindi hicho, kilichoitwa The Adventures of Ozzie and Harriet, yaani Visa vya Ozzie na Harriet, kilianza tarehe 8 Oktoba 1944.

Kwanza watoto wa kipindi hawakuwa David na Ricky wenyewe. Watoto wengine, wenye mazoea ya redio, walilipwa kusema maneno yao. Wale wawili walikaa nyumbani wakisikia sauti za watoto wageni zikiitwa kwa majina yao. Jambo hilo likawauma, wakawasihi wazazi wawaache waseme wenyewe. Mwaka 1949 wazazi wakakubali.

Ricky alikuwa mdogo wa umbo, mwenye haya, tena alisumbuliwa sana na pumu. Lakini katika kipindi ndiye aliyepewa maneno makali ya kuchekesha, na watu wakamwona kuwa mtoto hodari asiyeogopa mtu. Hapo ndipo ulipoanza umbali kati ya Ricky wa nyumbani na Ricky wa redio.

Nyumba mbili zinazofanana

Tarehe 3 Oktoba 1952 kipindi kiliingia katika televisheni, katika shirika la ABC. Siku zile televisheni ilikuwa kitu kipya. Jamaa nyingi za Marekani zilikuwa ndiyo kwanza zinunue chombo hicho, wakakiweka sebuleni, na jioni baba, mama na watoto wakaketi mbele yake. Watu wakaona katika chombo chao jamaa nyingine iliyoketi sebuleni kama wao.

Tena Ozzie alifanya jambo la ajabu. Picha za nje ya nyumba zilizoonyeshwa katika kipindi zilikuwa za nyumba yao ya kweli huko Hollywood. Na katika studio mafundi walijenga vyumba kwa mfano wa vyumba vyao wenyewe. Basi mtoto aliondoka asubuhi katika nyumba yake, akaenda kazini, akaingia tena katika nyumba iliyofanana na yake, akamkuta humo mama yake na baba yake na ndugu yake, akaambiwa: «Sasa sema hivi.» Wengi wetu tukitoka kazini twarudi nyumbani kupumzika. Ricky alitoka nyumbani kwenda kuigiza nyumbani.

Katika kipindi hakuna aliyejua baba hufanya kazi gani. Ozzie wa televisheni alikuwa mtu mpole, mwenye nafasi ya kuzunguka bustanini na kula vitu vitamu. Ozzie wa kweli alikuwa mwandishi wa visa, mwongozaji wa wachezaji na msimamizi wa mambo yote. Alifanya kazi mpaka usiku sana, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Kwa Ricky, baba alikuwa pia bwana wa kazi. Mtoto akikatazwa jambo, hakuweza kujua kama aliyemkataza ni mzazi au ni msimamizi.

Kipindi kiliendelea miaka 14, mpaka mwaka 1966, na visa vyake vilikuwa 435. Kila kisa kilichukua nusu saa. Kosa lilianza, likachekesha, likasamehewa, na jamaa ikatabasamu. Wamarekani wengi waliwatazama hao wanne kama kielelezo cha jamaa njema. Hatusemi kwamba hawakuwa wema, wala hatusemi kwamba hawakupendana. Twasema tu kwamba jamaa ya kweli ina mambo yasiyomalizika kwa nusu saa, na mtoto huhitaji mahali ambapo mambo hayo yaweza kusemwa pasipo watu wa nje kutazama.

Mshahara wa mtoto

Labda msomaji atauliza: Fedha za watoto hao zilikwenda wapi? Swali hilo ni la haki, maana jambo hilo limewaharibu watoto wengi.

Mwaka 1921 mtoto mmoja, Jackie Coogan, alicheza pamoja na Charlie Chaplin katika sinema iliyoitwa The Kid. Akapendwa ulimwenguni kote, akapata mamilioni ya dolari angali mtoto. Alipokuwa mtu mzima akaomba fedha zake, akaambiwa na mama yake na baba yake wa kambo kwamba mapato ya mtoto ni mali ya wazazi. Mwaka 1938 akawashtaki mahakamani, lakini alichopata kilikuwa sehemu ndogo tu ya alichofanyia kazi. Kwa sababu ya aibu hiyo jimbo la California likatunga sheria mwaka 1939, kusudi sehemu ya mapato ya mtoto iweze kuwekwa akiba kwa ajili yake. Hata leo Wamarekani huiita sheria hiyo kwa jina la Coogan.

Katika jambo hili Ozzie Nelson astahili sifa. Yeye, aliyesoma sheria, aliweka mapato ya wanawe kama amana mpaka watimize miaka 21, na hapo kati akawapa kidogo tu cha kutumia. Tena aliwaacha wasome shule ya watu wote, na Ricky akamaliza masomo yake katika Hollywood High School mwaka 1958 pamoja na wenzake. Kwa hiyo tusidhani kwamba twasimulia habari za baba mwovu. Twasimulia habari za baba mwema aliyetunza fedha za mwanawe kwa uaminifu. Lakini kuna mali nyingine isiyowekwa benki, nayo ni uhuru wa mtoto kuwa mtu wa peke yake.

Wimbo wa kwanza

Mwaka 1957 vijana wa Marekani walikuwa wamepagawa na muziki mpya uitwao roki na roli. Ricky mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa na rafiki msichana aliyempenda sana mwimbaji Elvis Presley. Kwa wivu wa ujana akamwambia kwamba yeye pia atatoa santuri. Alikuwa hajawahi kutoa hata moja, basi ikampasa kutimiza maneno yake.

Akachagua wimbo I'm Walkin', ambao Fats Domino alikuwa ameutoa mwaka ule ule. Twapenda wasomaji wetu waangalie neno hilo. Fats Domino alikuwa mtu mweusi wa mji wa New Orleans, mpiga kinanda hodari, na wimbo huo alikuwa ameutunga pamoja na Dave Bartholomew, mweusi mwenziwe. Siku zile katika sehemu nyingi za Marekani weusi na weupe walitengwa mashuleni na hata katika magari ya abiria. Lakini muziki wa weusi ulipita ukuta huo, na mara nyingi ulipita katika kinywa cha kijana mweupe, ambaye redio na televisheni zilimfungulia mlango upesi kuliko mwenye wimbo. Ricky hakuitengeneza dhuluma hiyo, lakini alipata faida yake. Lililo jema ni kwamba hakulisahau deni lake, kama tutakavyoona mwishoni.

Tarehe 10 Aprili 1957 kilionyeshwa kisa ambacho ndani yake Ricky alipewa nafasi ya kupiga ngoma na kuimba katika bendi. Kijana akauimba ule wimbo. Siku chache tu zikapita, na wasichana wa nchi nzima walikuwa wakiitafuta santuri yake madukani. Nyimbo zote mbili, ule wa upande wa kwanza na ule wa upande wa pili, ziliingia katika kumi za juu. Hapo Ozzie akafahamu kwamba televisheni ni mnadi mkubwa kuliko wote. Tangu siku hiyo, mara kwa mara kisa kilipokwisha, Ricky alisimama na gitaa lake na kuimba wimbo mpya.

Miaka ya sifa

Mwanzoni mwa mwaka 1958 santuri yake kubwa ya kwanza, iliyoitwa Ricky, ilishika nafasi ya kwanza katika nchi. Tarehe 4 Agosti mwaka ule gazeti la Billboard lilianzisha orodha mpya ya nyimbo mia, iitwayo Hot 100, inayotumika hata leo. Wimbo wa kwanza kabisa kushika kichwa cha orodha hiyo ulikuwa Poor Little Fool wa Ricky Nelson. Mtungaji wake alikuwa msichana wa rika lake, Sharon Sheeley. Mwaka 1959 Ricky akacheza katika sinema Rio Bravo pamoja na John Wayne na Dean Martin. Mwaka 1961 akarudi tena nafasi ya kwanza kwa wimbo Travelin' Man, na baba yake akautengenezea picha za nchi za mbali zilizopita nyuma ya mwimbaji. Watu wengi huihesabu kazi hiyo kuwa miongoni mwa picha za kwanza za nyimbo, za namna ile vijana wa leo wanayoitazama katika simu zao. Kati ya mwaka 1957 na 1962 nyimbo zake zipatazo 30 ziliingia katika arobaini za juu.

Wako waliosema: «Huyu ni mtoto wa televisheni tu, amebebwa na baba yake.» Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa na nusu ya ukweli. Lakini nusu ya pili ni hii: Ricky alikuwa mwanafunzi mwenye bidii. Alijua kwamba sauti yake ni ndogo na laini, basi hakujaribu kupiga kelele kama wengine. Aliwatafuta wanamuziki bora kuliko yeye, akasimama kati yao. Mpiga gitaa wake, James Burton, alikuwa kijana wa ajabu; baadaye, mwaka 1969, Elvis Presley mwenyewe alimchukua katika bendi yake. Ricky aliwapenda pia ndugu wawili, Johnny na Dorsey Burnette, akaimba nyimbo zao. Ninyi wanafunzi, tazameni busara hiyo: mwenye kipawa kidogo akiketi na mafundi hujifunza, na mwenye kipawa kikubwa akiketi na wasifuji tu hupotea.

Siku alipotimiza miaka 21, tarehe 8 Mei 1961, aliacha jina la Ricky, akajiita Rick. Laweza kuonekana jambo dogo, kukata herufi moja tu. Lakini kwetu sisi Waafrika, tunaojua uzito wa jina, si jambo dogo. Alikuwa akiomba aonekane mtu mzima. Nchi nzima iliendelea kumwita Ricky.

Ndoa, na taa kuzimwa

Mwaka 1963 Rick alimwoa Kristin Harmon, binti wa mchezaji mashuhuri wa mpira wa Marekani. Ndoa yao ilifungwa katika kanisa Katoliki huko Los Angeles. Muda si muda bibi arusi naye akaingizwa katika kipindi, akaigiza kuwa mke wa Rick, kama alivyokuwa kweli. Hata chumba hiki cha maisha, ambacho watu wengi hukifunga mlango, kilifunguliwa mbele ya kamera.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 vijana wanne wa Uingereza, Beatles, walifika Marekani, na masikio ya vijana yakageuka. Wimbo wa Rick uitwao For You, uliovuma mwezi ule ule, ulikuwa wa mwisho wake kuingia katika kumi za juu kwa muda wa miaka minane. Mwaka 1966 na kipindi cha televisheni kikakoma. Mtu aliyekuwa ameishi miaka 14 katika nyumba ya studio aliona mafundi wakibomoa kuta zake.

Wahenga walisema, ngoma ivumayo haidumu. Wengi huitumia methali hiyo kumcheka mtu aliyeshuka. Sisi twaona vema kuuliza: Je, ngoma ikinyamaza, mpigaji hufanya nini? Rick angaliweza kukaa kimya na kula akiba yake. Hakufanya hivyo. Alianza kutunga nyimbo zake mwenyewe. Alijifunza muziki wa watu wa mashambani, uitwao kantri, na mwaka 1969 akaunda kikundi kipya, Stone Canyon Band. Mmoja wa wapigaji wake wa kwanza, Randy Meisner, baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi mashuhuri cha Eagles. Walichanganya roki na kantri wakati ambapo wachache tu walithubutu. Alipiga katika kumbi ndogo, mbele ya watu wachache, naye hakuona haya kuanza upya.

Usiku wa New York

Tarehe 15 Oktoba 1971 Rick aliitwa kuimba katika ukumbi mkubwa wa Madison Square Garden, mji wa New York, pamoja na Chuck Berry, Bo Diddley na wengine wa zamani. Watu walikuwa wamelipa kusudi wakumbuke ujana wao. Walitaka nywele fupi, mavazi yale yale, na nyimbo zile zile.

Rick akatokea na nywele ndefu mpaka mabegani, na suruali pana za siku hizo. Akaimba nyimbo chache za zamani, watu wakafurahi. Kisha akaimba wimbo wa watu wengine, wa kikundi cha Rolling Stones. Kelele za kuzomea zikasikika. Wako waliosema baadaye kwamba watu walikuwa wakiwazomea polisi waliokuwa wakiwaondoa walevi huko nyuma. Yaweza kuwa hivyo. Lakini Rick aliona kwamba anazomewa yeye, akashuka jukwaani.

Wapenzi wasomaji, fikirini jambo hilo. Mtu wa miaka 31, mume na baba wa watoto watatu, anazomewa kwa kuwa amekua. Kosa lake lilikuwa kwamba hakubaki kijana wa miaka 17.

Lakini hakurudi kwake kulia tu wala kuwalaani watu. Alilichukua jeraha lake, akalitungia wimbo kwa upole na kicheko kidogo, akaueleza usiku ule jinsi alivyouona. Wimbo huo, Garden Party, ulitoka mwaka 1972 na kufika nafasi ya sita. Maneno na sauti vilikuwa vyake mwenyewe. Hakuna kisa cha baba kilichoutangulia, wala televisheni haikuunadi. Baada ya miaka 15 ya kuimba, watu walinunua santuri ya Rick Nelson kwa sababu ya jambo ambalo Rick Nelson alikuwa nalo moyoni.

Njia ndefu

Twapenda tungeweza kumaliza hapo, lakini ukweli haumaliziki hapo. Baba yake alifariki mwaka 1975. Wimbo mwingine wa kufanana na Garden Party haukuja. Rick akaishi barabarani, akiimba usiku zaidi ya 200 kila mwaka, mji baada ya mji. Mke aliyeachwa nyumbani na watoto wanne akachoka. Mume asiyekuwapo akawa mgeni katika nyumba yake. Ndoa ikavunjika, na mwaka 1982 mahakama ikaitangua kwa sheria ya nchi. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Twayaandika kwa kuwa yule yule ambaye Marekani ilimtazama kama mwana wa jamaa isiyokuwa na shida alishindwa kuilinda jamaa yake mwenyewe. Katika nyumba ya studio hakufundishwa jinsi ya kutengeneza ugomvi usiokuwa na mwandishi wa kuumaliza.

Mwaka 1985 alisimama jukwaani huko Los Angeles pamoja na Fats Domino, yule ambaye wimbo wake ulimfungulia mlango miaka 28 nyuma. Mweusi na mweupe, mwenye wimbo na aliyeuazima, waliimba usiku mmoja mbele ya watu wale wale.

Mwisho wa mwaka ule, tarehe 30 Desemba, aliimba katika mji mdogo wa Guntersville, jimbo la Alabama. Kesho yake alipanda ndege pamoja na wenzake kwenda Dallas, kuimba usiku wa kuukaribisha mwaka mpya. Ilikuwa ndege kuukuu ya namna ya DC-3, iliyoundwa mwaka 1944, mwaka ule ule kilipoanza kipindi cha baba yake. Moto ukawaka ndani ya chumba cha abiria. Marubani wawili wakaishusha ndege shambani karibu na mji wa De Kalb, Texas, nao wakaokoka kwa majeraha. Abiria wote saba walikufa. Rick alikuwa na miaka 45.

Upesi magazeti yakaeneza neno kwamba abiria walikuwa wakivuta dawa za kulevya, na kwamba hizo ndizo zilizouwasha moto. Wachunguzi wa serikali walifanya kazi zaidi ya mwaka. Ni kweli kwamba katika mwili wake zilionekana dalili za dawa hizo, nasi hatuwezi kulificha jambo hilo mbele ya vijana. Lakini wachunguzi hawakuona ushahidi kwamba dawa ndizo zilizoleta moto. Waliona alama zilizoelekea kwenye chombo cha kupasha joto, ingawa hawakuweza kukata neno. Watu wengi walioisoma habari ya kwanza hawakuisoma ile ya pili. Mtu aliyesemwa na magazeti tangu utotoni alisemwa nayo hata kaburini.

Waliobaki

Mwaka 1987 jina lake liliandikwa miongoni mwa wakuu wa roki na roli, katika Rock and Roll Hall of Fame. Mama Harriet aliishi mpaka mwaka 1994, na David, wa mwisho wa wale wanne, mpaka mwaka 2011. Wana pacha wa Rick, Matthew na Gunnar, walifika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo mwaka 1990, kama baba yao mwaka 1958, na kama babu yao Ozzie na bendi yake mwaka 1935. Binti yake Tracy akawa mchezaji wa televisheni, na tangu mwaka 1987 mpaka 1991 Wamarekani walimwona akiigiza mtawa hodari anayemsaidia padri wa parokia ya Chicago, katika michezo ya Father Dowling.

Neno kwa wazazi na kwa vijana

Pengine mzazi mmoja atasema: «Mambo haya ni ya Hollywood. Sisi hatuna studio.» Kumbe, studio imo mfukoni mwake. Leo kila mwenye simu aweza kupiga picha mwanawe akicheka, akilia, akioga, akikosea somo, na kuzituma duniani kote kabla ya jua kuchwa. Wako wazazi wanaopata fedha kwa kazi hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2024 jimbo la California liliongeza sheria yake ya zamani, kusudi iwalinde pia watoto wanaoonyeshwa na wazazi wao katika intaneti: sehemu ya mapato lazima iwekwe akiba ya mtoto.

Sheria hiyo ni njema, lakini hulinda fedha. Habari za Ricky Nelson zaonyesha kwamba hata pale fedha zilipolindwa na baba mwaminifu, lilibaki jambo ambalo hakuna hakimu awezaye kuliweka amana. Kabla ya kumtoa mwanao mbele ya watu, jiulize: Je, atakapokuwa na miaka 31, akitaka kuwa mtu mwingine, watu hao watamwachia? Na wewe mwenyewe, utakuwa wa kwanza kumwachia?

Nanyi vijana, wenye sauti nzuri na hamu ya kusikika, hatuwakatazi kuimba. Kumbukeni tu kwamba santuri iliyompa Ricky jina ilifanywa kwa siku chache, kwa wivu, kwa wimbo wa mwingine. Na wimbo uliompa heshima ulimgharimu miaka 15 ya kujifunza na usiku mmoja wa kuzomewa. Ikiwa siku moja mtaimba mbele ya watu, nao wakawataka mbaki jinsi mlivyokuwa jana, msiwachukie. Endeleeni kujifunza, na mwimbe lile mlilo nalo moyoni.